Mtembeaji wa Kwanza wa Njia ya Kisarando

Ipo nchi moja, msiniulize iko wapi. Nimeitafuta kwenye ramani zote tatu za ofisi yetu sikuiona, na ramani ya nne inasubiri kuzinduliwa, kwa hiyo bado imefunikwa kitambaa. Wewe msomaji ukiona humu kitu kinachofanana na cha kwenu, hayo ni macho yako tu, nenda kayapime. Mimi ni mtumishi wa umma mwenye nidhamu, Katibu wa Mji Mdogo wa Kisarando, na nayaeleza haya kwa nia njema kabisa, ili watu wajue serikali yetu inavyotupenda.

Kwanza uelewe utaratibu wetu. Katika nchi hii hakuna kitu kinachotumika kabla hakijazinduliwa. Kitu kinafungiwa utepe, anakuja mgeni rasmi, anakata utepe, anapigiwa makofi, ndipo kitu kinaanza kuwepo. Kisima kikichimbwa, maji yake hayanyweki mpaka utepe ukatwe. Choo cha shule yetu ya msingi kilikamilika mwezi wa pili kikazinduliwa mwezi wa kumi na moja, na katika miezi hiyo yote watoto walifundishwa uvumilivu, somo ambalo hata kwenye mtaala halimo. Zamani kila waziri alizindua vya wizara yake, lakini ikaonekana wanajipendelea. Sasa anayezindua ni mmoja tu, Mfunguzi Mkuu wa Taifa, kwa mkono wake na mkasi wake. Naye ana siku saba tu kwa wiki kama sisi.

Kati ya Kisarando na mji jirani wa Ndarama kuna njia ya miguu. Inaanzia nyuma ya mashine ya kusaga, inateremka katikati ya mashamba ya muhogo, inavuka kijito juu ya gogo, inapanda kilima chenye mawe, inapita kwenye mtama, kisha inatokea Ndarama, nyuma kabisa ya hospitali. Mtu mwenye miguu mizuri anatumia saa moja na nusu. Barabara ya magari inazungukia makao makuu ya wilaya, kilomita arobaini na sita, na lori linalobeba abiria hupita siku za gulio tu, Jumatano na Jumamosi. Hospitali iko Ndarama. Kwa hiyo karibu kila mzaliwa wa Kisarando aliipita njia hiyo akiwa tumboni kwenda, na akiwa mgongoni kurudi. Mimi ni mmoja wao.

Basi Waziri wa Mandhari na Starehe akasafiri kwenda mkutanoni ng'ambo, na huko akaona jambo lililomshangaza. Aliona watu wazima, tena wenye magari, siku za mapumziko wanavaa viatu vizito, wanashika fimbo, wanatembea kwa miguu kutoka mji mmoja hadi mji wa pili. Hawakutumwa na mtu. Hawakubeba mzigo. Walikwenda, wakatazama miti, wakarudi. Waziri aliporudi nyumbani aliuliza kama na sisi tuna njia kama hizo. Akaambiwa ipo ya Kisarando na Ndarama, watu wanatembea kila siku, na wengine wamebeba magunia. Akafurahi mno. Kisha akauliza ilizinduliwa lini.

Majalada yalipekuliwa siku tatu. Nilipekua mimi mwenyewe, nikapiga chafya mpaka kifua kikauma. Haikuonekana kumbukumbu yoyote ya utepe. Wiki iliyofuata ikaja barua yenye mihuri miwili: "Imebainika kwamba wananchi wa Kisarando na Ndarama wamekuwa wakitembea kinyume cha utaratibu kwa takriban miaka tisini." Kwa huruma ya serikali, tulisamehewa ya nyuma. Njia ikafungwa mpaka itakapozinduliwa.

Utepe mwekundu ulifungwa kila mwisho wa njia, kati ya nguzo mbili. Kushoto kwa nguzo ni majani, kulia ni majani, hakuna ukuta wala seng'enge. Ng'ombe walipita pembeni kama kawaida yao, kwa kuwa ng'ombe hawajui sheria. Lakini binadamu akipita pembeni, kosa lake linaitwa kukwepa utepe, na adhabu yake ni miezi sita. Upande wetu akawekwa mgambo wa kuulinda, Sajini Lufunyo, mtu mnene mwenye filimbi.

*

Siku utepe ulipofungwa, wa kwanza kufika alikuwa Bi Mwasiti, mke wa Mkumbwa seremala. Ilikuwa saa mbili asubuhi, amebeba hotipoti ya mchuzi wa kuku aliyoifunga kwenye kanga ili isipoe. Alitazama utepe, akanitazama mimi.

"Katibu mwanangu, kuna nini hapa? Nani kaoa?"

"Hakuna harusi, mama. Njia inasubiri kuzinduliwa."

"Itazinduliwa saa ngapi?"

Nilimweleza kwamba tarehe itapangwa. Akashusha hotipoti chini taratibu, akaiweka kwenye kivuli cha Sajini.

Lazima niseme kidogo habari za Mkumbwa. Alivunjika paja akipaua ofisi yetu. Ofisi ilikuwa imeletewa ngazi mpya ya chuma, imara, yenye miguu minne, lakini ngazi ilikuwa stoo na utepe wake, haijazinduliwa. Mkumbwa akapandia miti aliyoifunga kwa kamba. Mimi ndiye niliyemhimiza amalize haraka, kwa sababu mkaguzi alikuwa anakuja Ijumaa. Alianguka Jumatano. Tukambeba kwa machela mpaka Ndarama, kwa njia hiyo hiyo, siku kumi kabla haijafungwa. Kwa kuwa simu yake ilivunjika naye, kwenye faili la hospitali iliandikwa namba ya ofisi, yaani simu inayokaa mezani kwangu.

Hospitali ya Ndarama ina vitanda na madaktari wazuri, ila haipiki. Mgonjwa analishwa na wa kwao. Ukutani wameandika kwa rangi ya bluu: CHAKULA NI UPENDO WA NDUGU. Mkumbwa hakuwa na ndugu Ndarama. Alikuwa na mke Kisarando, na mama yake mzazi ambaye miaka miwili sasa hainuki kitandani, anageuzwa na Mwasiti asubuhi na jioni. Kwa hiyo Mwasiti hakuweza kuhamia hospitali. Kila siku alimwogesha mkwewe, akapika, akatembea, akamlisha mumewe, akarudi kabla ya magharibi. Daktari alikuwa amemwambia mfupa umeanza kukubali, lakini kuna kidonda, na kidonda hakiponi kwenye mwili wenye njaa. Mayai, maziwa, supu, kila siku.

"Mkumbwa naye anasubiri," aliniambia pale kwenye utepe. "Sasa nani asubiriwe kwanza?"

Nilimjibu kwamba hilo ni swali zuri na nitalifikisha ngazi za juu. Nililifikisha kweli. Ninayo nakala.

*

Wataalamu wakaja kuiandaa njia. Waziri alikuwa ameshatamka bungeni kwamba ina urefu wa kilomita saba. Wataalamu walipopima wakapata sita na nusu. Kwa kuwa hotuba ya waziri haiwezi kurekebishwa, ilibidi irekebishwe njia. Wakaongeza mzunguko mkubwa kupitia shamba la muhogo la mjane mmoja, njia inaingia, inazunguka kichuguu, inatoka pale pale ilipoingilia. Mjane alipouliza nani atamlipa muhogo wake, alijibiwa kwamba sasa shamba lake ni mandhari.

Gogo la kwenye kijito liliondolewa, kwamba halilingani na hadhi ya mguu wa Mfunguzi Mkuu. Likajengwa daraja la mbao lenye rangi tatu za bendera. Kilimani vikawekwa vibao vitatu vilivyoandikwa HAPA STAAJABU, na cha nne kilichoandikwa HAPA PUMZIKA DAKIKA TANO. Kazi ilikuwa nzuri. Ilikamilika kwa wiki mbili, na kwa kuwa ilikamilika mapema, ikabaki wiki nyingi za kusubiri.

Tarehe ya kwanza iliahirishwa kwa sababu Mfunguzi Mkuu alikuwa anazindua mzunguko wa barabara katika mji mkuu. Baada ya kukata utepe aliingia kuuzunguka, na dereva wake, kwa heshima, hakuthubutu kutoka kabla hajaambiwa atoke. Msafara ulizunguka mpaka adhuhuri, petroli ikaisha. Tarehe ya pili iliahirishwa kwa ajili ya viatu. Viatu vya kutembelea viliagizwa ng'ambo, vikafika salama, lakini vyenyewe vilikuwa vipya, na hamjasahau utaratibu wetu. Tarehe ya tatu iliahirishwa kwa sababu ambazo barua ilisema ziko wazi.

Wakati huo Mwasiti alikwenda na lori siku za gulio. Siku mbili kwa wiki Mkumbwa alikula mpaka akashiba. Siku tano alikula kwa huruma ya mgonjwa wa kitanda cha pili, mzee wa Ndarama aliyeletewa ugali mwingi. Kisha mzee yule akapona akaruhusiwa, na kitanda kikapata mtu ambaye naye alikuwa anaangalia mlango.

*

Bi Mwasiti akaja ofisini kuomba kibali maalumu. Nilimpa fomu, nikamsaidia kuijaza, kwa maana mimi si mtu mbaya. Palipoandikwa "Sababu ya kutembea" palikuwa na visanduku vitatu tu: mandhari, afya, starehe.

"Mbona hakuna cha kumlisha mgonjwa?" aliuliza.

"Kisanduku hicho hakipo, mama. Tuweke afya."

"Haya, weka afya."

Jibu likarudi baada ya siku tisa. Liliuliza kama mwombaji ameambatisha cheti cha daktari kinachothibitisha kwamba yeye mwenyewe anahitaji kutembea. Hakuwa nacho, maana cheti kinatolewa hospitali, na hospitali iko Ndarama. Tukajaza fomu nyingine. Nikamshauri tuweke starehe, kwa kuwa ndiyo nia ya mradi. Jibu lilikuja upesi safari hii. Lilisema starehe si jambo la dharura.

Alilisoma jibu mara mbili, akalikunja, akalitia kwenye pindo la kanga. "Asante, Katibu," alisema, na mimi nikaona nimefanya kazi.

Asubuhi moja akajiunga na ng'ombe. Alikuwa ameona kwamba ng'ombe wa Mzee Chilumba hupita pembeni ya utepe bila kuulizwa, basi akainama katikati yao, kajifunika kanga ya kahawia, hotipoti kifuani, akaenda nao hatua kwa hatua. Bahati yake mbaya, Sajini Lufunyo alikuwa na mazoea ya kuwahesabu ng'ombe ili apitishe muda. Siku zote ni kumi. Siku hiyo walikuwa kumi na mmoja. Akapiga filimbi.

Bi Mwasiti alikaa mahabusu mpaka jioni. Mchuzi ulichukuliwa kama kielelezo, ukafungiwa kwenye kabati langu pamoja na majalada. Nakumbuka aliita kutoka ndani, "Katibu, basi mtumeni hata mtu mwingine ampelekee, mimi nibaki humu humu!" Nilimweleza kupitia dirishani kwamba kielelezo hakiruhusiwi kuvuka mpaka wa mji kabla ya kesi. Siku ya tatu nilipofungua kabati mapaja yote mawili yalikuwa hayapo, na midomo ya Sajini inang'aa. Niliandika kwenye jalada: "Kielelezo kimepungua kutokana na hali ya hewa." Kesi ikafutwa kwa kukosa ushahidi, kwa hiyo unaweza kusema alishinda.

*

Hatimaye tarehe ikapatikana kweli, Jumamosi. Tulijua ni kweli kwa sababu alikuja Afisa Itifaki kutoka mji mkuu, Bwana Deograsi Nyangula, na masanduku manne ya bendera. Bwana Nyangula ni mtu wa ratiba. Ratiba yake ilikuwa na vipengele kumi na saba, na cha kumi na moja kilisomeka hivi: "Ushuhuda wa mwananchi wa kawaida (mwanamke), ambaye atalia kwa furaha, kisha atakuwa Mtembeaji wa Kwanza." Akaniuliza nani ana hamu kubwa zaidi ya kuitumia njia. Sikuhitaji kufikiri.

Nilipompelekea Mwasiti habari alinishika mikono yote miwili. "Jumamosi nitapita? Mpaka hospitali? Hamtanirudisha?"

"Hakuna wa kukurudisha, mama. Utakuwa wa kwanza."

"Mungu akuweke, mwanangu," alisema. Wiki hiyo alikuwa hajamwona mumewe tangu gulio la Jumamosi iliyopita, kwa sababu lori la Jumatano lilichukuliwa na kamati kubebea viti vya wageni, na hata la Jumamosi lilikuwa limeshikwa kwa kazi hiyo.

Alhamisi saa tatu asubuhi simu ya mezani ikalia. Alikuwa muuguzi wa wodi ya wanaume, Ndarama. Sauti yake ilikuwa imechoka.

"Kaka, hapo ni kwa Mkumbwa seremala?"

"Hapa ni ofisi. Mimi Katibu."

"Mkumbwa amefariki alfajiri. Homa ilipanda tangu jana, mwili hauna nguvu ya kupigana. Alikuwa anamwulizia mkewe. Tafadhali mpeni habari, maiti tumeiweka mochwari."

Nikasema nimesikia. Nikaweka simu, nikakaa. Nyumba ya Mwasiti naiona kutoka dirisha la ofisi yangu. Alikuwa uani, anaanika shuka za mkwewe. Nilisimama niende. Naapa nilisimama. Lakini Bwana Nyangula alikuwa mezani pa pili anakunja ratiba, naye ni mkubwa wangu, nikaona si adabu kumpita bila kumwarifu.

Alisikiliza mpaka mwisho. Akavua miwani.

"Huyu ndiye kipengele cha kumi na moja?"

"Ndiye, mkuu."

"Ukimwambia leo, atalia."

"Atalia, mkuu."

"Na Jumamosi hatakuwa na kilio cha furaha. Ratiba imeshachapwa, Katibu. Nakala mia tatu. Nyingine iko mezani kwa Mheshimiwa." Akafuta miwani kwa tai yake. "Marehemu hana haraka tena. Habari hii itatolewa Jumamosi, saa tisa alasiri, baada ya chakula cha wageni. Utaitoa wewe, kwa lugha nzuri."

"Sawa, mkuu," nikasema. Ni maneno mawili tu. Nimeyasema maisha yangu yote na hayajawahi kunikwama kooni.

Ijumaa Mwasiti alipita dirishani kwangu ameshika kuku miguu. Alikuwa jike wa mwisho aliyebaki bandani. "Huyu anataga," akaniambia akicheka, "lakini kesho nikienda mikono mitupu, Mkumbwa ataniuliza nilikuwa nafanya nini siku zote hizi." Nikamwambia ni kuku mzuri.

*

Jumamosi Mfunguzi Mkuu alishuka kwa helikopta kwenye uwanja wa shule, upepo ukang'oa mapaa mawili ambayo tulikuwa tumeshayapiga picha. Zulia lilikuwa limetandikwa juu ya njia, hatua thelathini. Kwaya ikaimba nyimbo mbili, ya kwanza kumshukuru kwa kuja na ya pili kumshukuru kwa ya kwanza.

Hotuba yake ilikuwa ya saa moja na dakika arobaini. Nitawapa kidogo tu, kwa manufaa ya vizazi.

"Ndugu wananchi! Kabla ya serikali yangu, ninyi mlikuwa mnakwenda Ndarama. Mnakwenda tu! Mtu ana shida, anakwenda. Ana mgonjwa, anakwenda. Huko siko kutembea! Nani aliwafundisha kutembea?" Wananchi wakajibu kama walivyofundishwa Ijumaa: "Wewe, Baba!" "Kuanzia leo mtatembea kwa heshima! Mtasimama, mtastaajabu, mtapumzika dakika tano! Wapo wapinzani wanaosema wananchi wanataka dawa. Mimi nawauliza, mtu anayetembea anaugua lini?" Makofi yakapigwa mpaka mikono ikawaka moto.

Kikafika kipengele cha kumi na moja. Bi Mwasiti akapanda jukwaani amevaa fulana yenye sura ya Mfunguzi Mkuu juu ya gauni lake, na kofia ya kamati. Hotipoti hakuiacha chini, akapanda nayo. Mimi ndiye niliyemwandikia ushuhuda, mistari minane, na tulikuwa tumeukariri. Alisema mmoja tu, mingine ikampotea.

"Namshukuru Mheshimiwa," alisema. "Leo namwona mume wangu."

Hapo machozi yakamtoka, mengi, huku anacheka, akayafuta kwa mkono wa fulana. Bwana Nyangula, pembeni yangu, akaweka alama ya vema kwenye ratiba.

Utepe ukakatwa. Mfunguzi Mkuu akatembea hatua kumi na mbili juu ya zulia, akasimama, akastaajabu, akarudi kwenye helikopta kwenda kukata utepe wa upande wa pili. Wageni wakaenda kula. Wapiga picha walitangulia mbele ya Mwasiti mpaka kwenye muhogo, kisha nao wakageuka kuuwahi wali. Nikabaki naye mimi, kwa maagizo. Ilikuwa saa saba kamili.

*

Alitembea haraka, nami nilikuwa nahema nyuma yake. Nilimpokea hotipoti, nikaikumbatia, na joto la mchuzi likanipenya mpaka kwenye shati. Tulipofika kwenye ule mzunguko aliotengenezewa waziri, alisimama akacheka.

"Hii nayo ya nini? Wameshiba, wanazunguka kichuguu!" Akakata moja kwa moja, na mimi nikamfuata. Ndiyo mara yangu ya kwanza kuvunja taratibu, na nilifanya hivyo kwa kumkimbilia maiti.

Alizungumza njia nzima. Kwamba atamnyoa ndevu, kwamba Mkumbwa hapendi ndevu. Kwamba mama mkwe amesema aletewe mwanawe hata kwa kubebwa. Kwenye daraja alipunguza mwendo akanigeukia.

"Katibu, wewe una simu ya huko. Hebu niambie ukweli, nisije nikashtuka nikamtia hofu. Amekonda sana?"

Maji yalikuwa yanapita chini yetu. Hapakuwa na mtu mwingine, si Sajini, si Bwana Nyangula. Nilikuwa na nafasi yote duniani.

"Kidogo," nikasema.

"Kidogo si neno," akasema, akaongeza mwendo.

Kilimani alivipita vibao vya kustaajabu bila kuvitazama. Tukaingia hospitali kwa mlango wa nyuma, saa nane na dakika ishirini. Amri yangu ilisema saa tisa. Kwenye kitanda cha Mkumbwa alikuwa amelala kijana mwenye mkono wa plasta. Mwasiti akamwamkia vizuri, akamwuliza mgonjwa wa hapa wamemhamishia wapi. Kijana hakujua. Akaja muuguzi, yule yule, nilimtambua kwa sauti. Alimtazama Mwasiti, akaiona fulana, kofia, kanga ya hotipoti, kisha akanitazama mimi.

"Kaka," alisema. "Hukumwambia? Si nilikupigia Alhamisi?"

Bi Mwasiti alinigeukia taratibu.

"Alhamisi?" akauliza. "Alhamisi kuna nini?"

Mimi ni mtu wa maneno. Nimeandika barua za rambirambi hamsini na kitu. Nilifungua kinywa, na kilichotoka, Mungu ananiona, ni hiki:

"Mama, habari ilikuwa bado haijazinduliwa."

Alivua kofia, akavua ile fulana, akavitundika kwenye chuma cha kitanda cha kijana. Akachukua hotipoti mikononi mwangu bila kunigusa, akamwambia muuguzi, "Nipeleke alipo." Nilitaka kuwafuata. Muuguzi akaufunga mlango.

Maiti haikuruhusiwa kupita kwenye njia. Kanuni mpya zinasema njia ni ya watembeaji, na anayebebwa hatembei. Mkumbwa alirudi nyumbani kwa barabara, kilomita arobaini na sita, juu ya lori, katikati ya viti vya wageni vilivyokuwa vinarudishwa kutoka sherehe ya upande wa Ndarama.

*

Tulimzika Jumapili. Nilikwenda kuiwakilisha ofisi. Bwana Nyangula alinikabidhi cheti chenye fremu na kioo, MTEMBEAJI WA KWANZA, kwamba nimpe mjane wakati muafaka. Nilikaa nacho chini ya koti, kioo kinanikata ubavuni. Wanaume walijisogeza mkekani kidogo, kunipa nafasi, bila kunitazama. Hakuna aliyenitukana. Ningefurahi kama angetokea mmoja.

Chakula kilipoletwa, masinia yalizunguka mkeka mzima. Kila sinia lilifika kwa jirani yangu, likahama kwenda upande wa pili. Nilisema moyoni ni haki yao. Nina aibu, nasema wazi, na aibu yenyewe haikunizuia kunusa.

Kisha mazungumzo yakakatika. Bi Mwasiti alikuwa ametoka ndani. Mjane wa siku ya kwanza hatoki mbele ya wanaume, kila mtu pale alijua hivyo, naye alijua. Alikuwa amejifunga shuka nyeupe, ameshika sahani ya wali na paja la kuku. Alikuja moja kwa moja mpaka nilipo, akaiweka mbele yangu.

"Kula, Katibu."

"Mama, mimi sistahili..."

"Sikukuuliza. Kwangu haji mtu na njaa akaondoka nayo. Kula."

Nilinawa. Nikatia mkono. Hakuondoka. Mama mkwe wake alikuwa analia chumbani, sauti ndogo, anamwita mwanawe. Nilikula wali wote, nikala nyama, nikafyonza na mfupa, na Bi Mwasiti alisimama pale pale mbele yangu mpaka nikamaliza.